Maswali ya Wasomaji: Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza

Barua kadhaa zilizofika katika safu hii mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni kauli ya kutendwa katika Kiingereza: namna inavyoundwa, mahali inapofaa, na sababu ya baadhi ya wakubwa wa ofisi kuichukia. Nimechagua barua tano. Moja kati yake nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa swali lake linamgusa kila anayeandika ripoti.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika insha niliandika "I was stolen my phone at the bus stand", na mwalimu wetu akaikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu bila kutoa maelezo. Ninachoshangaa ni kwamba "I was given a book" anaikubali. Kwa Kiswahili "nilipewa kitabu" na "niliibiwa simu" ni sentensi za muundo mmoja. Kosa langu liko wapi? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kosa lako halikutokana na uzembe. Limetokana na kukijua Kiswahili vizuri, kisha kudhani kuwa Kiingereza nacho kina mlango huohuo.

Kitenzi "iba" kinahitaji mwizi na kitu kinachoibwa. Tukikitia kiambishi cha kutendea kikawa "ibia", kinapata nafasi ya tatu, yaani nafasi ya mtu aliyepata hasara. Na tukiongeza -w- kikawa "ibiwa", mtu huyo ndiye anayepanda kuwa kiima. Ndiyo maana simu huibwa lakini mwenye simu huibiwa, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeyachanganya mawili hayo, hata mtoto wa miaka minne.

Kiingereza hakina kiambishi cha kutendea. Kauli yake ya kutendwa huundwa kwa kitenzi kisaidizi "be", ambacho hubeba wakati, pamoja na umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile linalokaa mwishoni katika majedwali tunayokaririshwa darasani: "steal, stole, stolen". Kazi ya maneno hayo ni kulipandisha hadi kwenye kiima jina ambalo, katika kauli ya kutenda, lingekaa baada ya kitenzi. Kwa hiyo kabla hujaandika kauli ya kutendwa, andika kwanza pembeni sentensi ya kutenda inayoanza na "someone". "Someone gave me a book" ni sentensi sahihi, na "me" imekaa baada ya kitenzi, kwa hiyo unaruhusiwa kusema "I was given a book". Sasa jaribu "someone stole me". Maana yake ni kwamba wewe mwenyewe ulibebwa na wezi, na nadhani hilo silo lililotokea pale stendi. Kinachokaa baada ya "stole" ni simu, hivyo simu ndiyo inayopanda: "My phone was stolen". Ukitaka kubaki mwenyewe mwanzoni mwa sentensi, sema "I had my phone stolen", au "I was robbed of my phone", kwa kuwa "rob" ni kitenzi kinachomchukua mtu. Angalia tu kwamba "rob" kina sura ya kunyang'anywa kwa nguvu au kwa vitisho, wala si kuchomolewa simu mfukoni bila habari.

Kipimo hicho cha "someone" kitakuokoa katika mambo mengi, kwa sababu lugha yetu hutumia kauli ya kutendwa hata kwa vitenzi ambavyo Kiingereza hakiwezi kuvigeuza kamwe. Sisi husema "nimefiwa na mjomba". Mwingereza hana njia ya kugeuza "die", kwa hiyo husema "My uncle has died", au "I have lost my uncle". Sisi hushikwa na homa, hupitiwa na usingizi na hupigwa na butwaa. Yeye husema "I had a fever", "I fell asleep", na katika hayo matatu ni butwaa peke yake linaloweza kubaki katika kauli ya kutendwa: "I was stunned". Kunyeshewa na mvua kumepona kwa bahati, kwa kuwa kihusishi kimekubali kubaki kikining'inia mwishoni: "We were rained on". Ndivyo ilivyo pia kwa kitanda kilicholaliwa, "The bed had been slept in".

Vipo pia vitenzi vinavyofuatwa na jina na bado vikakataa kugeuzwa, kwa mfano "have", "lack" na "resemble". Hivyo ni vichache. Vijifunze jinsi vilivyo.

Swali: Naomba kuuliza kama "The cup was broken" na "The cup broke" zina tofauti yoyote, au ni mtindo tu wa mwandishi. — Msomaji, Mwanza

Jibu: Tofauti ipo, na Kiswahili kinaionyesha waziwazi kuliko Kiingereza. "The cup broke" ni kikombe kilivunjika, na "The cup was broken by the child" ni kikombe kilivunjwa na mtoto. Katika ya kwanza hakuna mtu anayetafutwa. Katika ya pili, hata ukiiondoa sehemu ya "by the child", kivuli cha mtu fulani kinabaki nyuma ya kikombe, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani.

Wanafunzi wetu hukosea kwa kuwa wakiona -ika au -eka hukimbilia "was" moja kwa moja. Mlango ulifunguka ni "The door opened". Maziwa yalimwagika ni "The milk spilled". Kamba ilikatika ni "The rope broke". Kitenzi kilekile cha Kiingereza hufanya kazi ya kutenda na ya kutendeka bila kubadili sura, jambo ambalo masikio yetu hulizoea polepole. Lakini -ika inapobeba maana ya kuwezekana, kauli ya kutendwa hurudi ikiwa imeongozana na "can": barua isiyosomeka ni "a letter that cannot be read".

Shida ipo kwa "The cup was broken" inaposimama peke yake, kwa kuwa huweza kueleza tendo na huweza kueleza hali. Huenda mtu alikivunja saa nne, na huenda wewe uliingia jikoni saa nne ukakikuta tayari ni vipande. Ndivyo ilivyo pia kwa "The shop was closed at six": ama lilifungwa saa kumi na mbili, ama saa kumi na mbili lilikuwa limeshafungwa. Waingereza wenyewe hutegemea sentensi za jirani kuamua. Wewe unayeandika ripoti ya tukio usimwachie msomaji kazi hiyo. Ongeza neno moja, kwa mfano "already closed", na utata utaondoka.

Swali: Ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja. Mkuu wetu ametangaza kwamba hataki kuona kauli ya kutendwa katika ripoti za Kiingereza, na programu ya kompyuta tunayoitumia kuandikia hupigia mstari kila inapoikuta. Lakini kumbukumbu za vikao, sheria na makala za kisayansi zimejaa kauli hiyo. Je, nimsikilize nani? — Msomaji, Nairobi

Jibu: Amri hiyo haikuanza na mkuu wako. Imezunguka katika vitabu vya uandishi vya Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, na aliyeipa nguvu kuliko wengi ni George Orwell, ambaye katika makala yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza alitoa kanuni kadhaa, mojawapo ikiwa ni kutoitumia kamwe kauli ya kutendwa pale ambapo kauli ya kutenda inawezekana. Kanuni imekaririwa sana, lakini makala yenyewe husomwa kwa haraka. Anayeisoma kwa makini ataikuta kauli ya kutendwa katika sentensi ya kwanza kabisa, "it is generally assumed", na hata mahali mwandishi anapolalamika kwamba kauli hiyo hutumiwa kupita kiasi, amelalamika kwa kuitumia. Simcheki. Naona kwamba mwandishi hodari wa kiwango chake hakuweza kuikwepa, na sidhani kwamba karani wa ofisi ataweza.

Hata hivyo alikuwa na sababu. Kauli ya kutendwa inamruhusu mwandishi kumwacha mtenda nje ya sentensi bila kuvunja sarufi, na wapo wanaoutumia mwanya huo kwa makusudi. Rais Ulysses Grant wa Marekani, akituma ujumbe wake wa mwisho wa mwaka kwa Bunge mwezi Desemba 1876, baada ya miaka minane ya utawala uliojaa kashfa, aliandika kwamba makosa yamefanywa: "Mistakes have been made". Kwa haki yake, aliongeza kwamba anakiri. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Januari 1987, Ronald Reagan alisema maneno ya namna hiyohiyo mbele ya Bunge kuhusu kashfa ya silaha zilizouzwa Iran: "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa, na nani? Sentensi haisemi, na tangu hapo maneno hayo yamekuwa kichekesho cha kisiasa kila kiongozi anapoyakaribia.

Sasa tazama jambo ambalo mkuu wako hajaliona. Kuficha mtenda hakuhitaji kauli ya kutendwa. Mhasibu anayeandika "The money went missing" ametumia kauli ya kutenda, na programu yenu haitaipigia mstari sentensi yake, ilhali "The money was stolen", ambayo angalau inakiri kuwa mwizi yupo, itapigiwa. Katika Kiswahili ujanja huo tunaujua sana: fedha "zimepotea", faili "halionekani", makosa "yamejitokeza". Programu hutambua umbo la kitenzi tu. Haijui ni nani aliyetakiwa kutajwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza juu ya kila sentensi ni hili: je, msomaji wangu anamhitaji mtenda, nami nimemnyima?

Mara nyingi hamhitaji. "The suspect was arrested on Monday" haina haja ya kuongezewa polisi, kwa kuwa hakuna mwingine anayetarajiwa kukamata washukiwa. "The road was closed for two days" inamtosha dereva. Katika kumbukumbu za kikao, "It was agreed that the fence be repaired" inafaa kuliko kumtaja mjumbe mmojammoja, maana uamuzi ni wa kikao kizima, na anayesoma kumbukumbu baada ya miaka mitatu anataka kujua kilichokubaliwa. Katika maabara, "The samples were stored at 4°C" inamweleza mtafiti mwingine namna ya kurudia kazi, na jina la msaidizi aliyefungua jokofu halimsaidii kitu. Hata huko mambo yanabadilika, kwa kuwa jarida la Nature huwahimiza waandishi wake kutumia kauli ya kutenda, waseme "we performed the experiment", lakini kuhimiza si kupiga marufuku.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa vitabu vya shule huipita kimya kwa sababu mazoezi yake ni ya sentensi mojamoja zisizo na jirani. Maandishi mazuri hukaa na jambo moja mbele ya macho ya msomaji. Tuseme unaandika kuhusu Jumba la Maajabu la Unguja. Ukiandika "The House of Wonders faces the sea. Sultan Barghash built it in 1883. The authorities later turned it into a museum", umemrusha msomaji kutoka kwenye jumba hadi kwa Sultani, kisha kwa wenye mamlaka, ilhali habari ni ya jumba. Andika badala yake: "The House of Wonders faces the sea. It was built for Sultan Barghash in 1883 and was later turned into a museum. Part of it collapsed in December 2020." Sasa jumba limebaki mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna mambo mawili ya pembeni hapo. La kwanza ni kwamba nimeandika "for" badala ya "by", kwa sababu Sultani aliamuru kazi na kuilipia lakini hakushika mwiko wa kuashia. Lugha yetu husema "lilijengwa na Sultani" bila kuona tabu, na Kiingereza nacho huvumilia, ila "for" ni sahihi zaidi. La pili ni kwamba sikuandika "was collapsed". Jengo huporomoka, haliporomokwi.

Na wakati mwingine kauli ya kutendwa haimfichi mtenda hata kidogo, bali humsogeza mwisho wa sentensi, mahali ambapo sauti hukazia. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 linasema watu wote "are created equal", bila kumtaja aliyewaumba, kisha linaendelea kusema kwamba wao "are endowed by their Creator" na haki zisizoondoleka. Muumba amecheleweshwa kidogo ili akitajwa atajwe kwa uzito.

Ushauri wangu wa ofisini, basi, ni huu. Ripoti inayoeleza wajibu, hasara, malipo au kuchelewa, imtaje mhusika. "The payment was delayed" itakurudishia barua ya maswali. "The accounts office delayed the payment because the invoice arrived late" inaifunga hoja. Katika sehemu nyingine iache kauli ya kutendwa ifanye kazi yake, na mkuu akikuuliza, msomee sentensi zote mbili kwa sauti, ya kwake na ya kwako. Mstari wa programu unaweza kuupuuza bila kumwomba mtu radhi.

Swali: Mwalimu, barabara ya kwetu bado inajengwa. Niliandika "The road is built" na nikaambiwa kwamba nimesema imekwisha. Kwa nini? — Msomaji, Iringa

Jibu: Kwa sababu kiambishi chetu -na- kinaeleza jambo linaloendelea, na "is" peke yake haifanyi kazi hiyo. Inajengwa ni "is being built", imejengwa ni "has been built", na "is built" huhifadhiwa kwa mazoea au hali, kama vile "The house is built of coral stone". Ukiona "being" inakusumbua ulimi, jua kwamba iliwasumbua hata wenyewe. Zamani Waingereza walisema "The house is building" kwa maana ya nyumba inajengwa, na umbo la "is being built" lilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18. Katika karne ya 19 wapo wanasarufi wa Marekani waliolishambulia kwa hasira kama uharibifu wa lugha. Leo hakuna anayelikumbuka shambulio hilo, na sentensi ya zamani ndiyo inayosikika kama kosa.

Swali: Nimeombwa kusaidia kuandika kadi ya harusi ya binamu yangu kwa Kiingereza, kwa ajili ya wageni kutoka nje. Niliandika kwamba "she will be married by an engineer from Tanga", na shemeji yangu anayeishi Uingereza alicheka sana lakini hakunieleza sababu. Pia naomba kujua lini tunatumia "by" na lini "with". — Msomaji, Mombasa

Jibu: Nianze na hilo la pili. "Na" yetu inayofuata kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda, na kwa Kiingereza huwa "by". "Kwa" ya kifaa huwa "with". Nyoka aliuawa na mlinzi kwa rungu ni "The snake was killed by the guard with a club". Kwa kuwa "na" hutumika pia kwa maana ya pamoja na, wanafunzi huandika "killed with the guard", na hapo mlinzi hugeuka silaha, au maiti ya pili. Jihadhari pia na "by" ya muda: "The form must be signed by Friday" haina maana kwamba Ijumaa ndiyo itakayotia saini.

Sasa harusi. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kwa hiyo "ataolewa na mhandisi" ni sentensi ya kawaida kabisa. Kiingereza hakigawi tendo hilo kwa namna hiyo. Mtu huwa "married to" mwenzake, awe mume au mke, na anayefuata "by" baada ya "married" ni yule anayefungisha ndoa. Wageni wenu wangesoma kadi hiyo na kuelewa kwamba kadhi hakupatikana siku hiyo, na mhandisi wa Tanga amekubali kuisoma hotuba ya ndoa. Andika "She will be married to an engineer from Tanga", au kwa wepesi zaidi "She is marrying an engineer from Tanga". Na kama familia inapenda kumtaja kadhi, sentensi yake ni "The couple will be married by the Kadhi". Mpe shemeji aihakiki kabla kadi hazijaenda kuchapwa, na safari hii asicheke peke yake.